Programu Huria na Adabu ya Kazi: Funzo kutoka Morogoro

Mwaka 1955 Waluguru wa Matombo, Morogoro, waliinuka kupinga amri ya serikali ya kikoloni ya kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko ya Uluguru. Mabwana shamba walikuwa na hoja: udongo ulikuwa ukichukuliwa na mvua, na milima hiyo ndiyo chanzo cha maji ya mto Ruvu. Kilichokosekana ni mazungumzo. Vurugu zilizuka na mpango ukaachwa. Waajiri wa sekta ya programu wanaujua mkasa huo kwa sura nyingine: mfumo wa kompyuta usio na kasoro ya kiufundi, lakini wauguzi na makarani wanaukwepa kwa kuwa hakuna aliyewauliza wanavyofanya kazi.

Stadi inayokosekana hapo ni kusikiliza, kueleza na kukosolewa bila kununa. Mitihani ya vyuo haiipimi. Programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuurekebisha, huijenga, ila kwa sharti ambalo wengi wetu hulipuuza.

Mfano mmoja uko Morogoro. SACIDS, kituo cha ufuatiliaji wa magonjwa ya kuambukiza chenye makao Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilishiriki kuunda AfyaData, programu ya simu ya kuripoti magonjwa ya watu na mifugo. Ilijengwa juu ya Open Data Kit, programu huria iliyoanzia Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, mwaka 2008. Programu hiyo mama huhifadhi fomu ndani ya simu hadi mtandao upatikane, jambo kubwa kwa anayeripoti kutoka kijiji kilichozibwa na mlima. Matokeo yaliyochapishwa 2017 yalionyesha kuwa katika miezi 5 ya mwanzo ziliripotiwa kesi 1,915, na idadi ya Ngorongoro na ya Morogoro zilitofautiana mno. Hakuna fundi atakayeielewa tofauti hiyo kwa kukodolea macho msimbo. Sharti akae na daktari wa mifugo na mfugaji, ajue kwamba mbuzi aliyetupa mimba ni habari nzito, na kwamba swali likiandikwa kwa lugha ya maabara jibu litakuwa la kubahatisha.

Hata hivyo, kuchukua programu huria na kuirekebisha kimyakimya ofisini ni nusu ya somo. Nusu ya pili huanza mtu anaporudisha marekebisho yake kwenye mradi mama.

Tuseme mhitimu amegundua kuwa fomu hupotea simu ikizimika ghafla. Hawezi kuandika "haifanyi kazi" akaenda zake. Ataje aina ya simu, toleo la programu, alichobonyeza na alichotarajia, ili mtu asiyemjua, aliye bara jingine, aione hitilafu ileile. Akituma suluhisho, mhakiki anaweza kumwambia alipunguze, aongeze jaribio, aeleze kwa nini hakuchagua njia fupi. Yote kwa maandishi, hadharani. Kijana aliyelelewa kutobishana na mkubwa hujifunza hapo kusema "sikubaliani, na sababu ni hii" bila kukosa heshima. Mafunzo kwa vitendo, ambayo mara nyingi huishia kwenye kufunga nyaya na kusajili barua, hayampi nafasi hiyo.

Waajiri wameliona. Katika utafiti wa 2017 wa GitHub, jukwaa la mtandaoni la kuhifadhi na kushirikiana kwenye msimbo, nusu ya wachangiaji walisema kazi yao ya programu huria ilichangia kuwapatia ajira waliyokuwa nayo.

Lakini shule hii ina walimu wakali kupita kiasi. Linus Torvalds, baba wa mfumo endeshi huria wa Linux, aliomba radhi Septemba 2018 kwa lugha yake ya matusi na kujiweka kando kwa muda. Utafiti uleule wa GitHub ulikuta wanawake ni asilimia 3 tu ya waliohojiwa. Kumsukuma msichana wa mwaka wa pili kwenye mradi usio na kanuni za maadili wala mlezi ni kumfundisha kunyamaza. Tena kuna bando: kujitolea kunahitaji muda na fedha ambazo mtoto wa mkulima wa Mgeta, milimani Uluguru, huenda hana.

Kwa hiyo idara za tehama za vyuo vikuu vya Sokoine na Mzumbe ziruhusu mchango uliopokelewa na mradi huria kuhesabiwa kama mradi wa mwisho wa mwaka, zichague miradi yenye walezi, na zigharamie intaneti. Na mwajiri, kabla ya kuomba nakala ya cheti, asome majibizano ya mwombaji na wahakiki wake: yako wazi, na kuyasoma hakumgharimu kitu.