Ukumbi usio na paa: habari za Kamĩrĩĩthũ

Hapa kambini ukisema "ukumbi wa maonyesho", watu wanafikiria jengo la mjini lenye viti vya kitambaa, taa na mlinzi mlangoni. Mimi nataka kuandika juu ya ukumbi mwingine kabisa. Ulijengwa na wafanyakazi wa kiwanda cha viatu, wachuma majani chai na wakulima wasio na shamba, katika kijiji cha Kamĩrĩĩthũ, pembeni ya mji mdogo wa Limuru, kama kilomita 30 hivi kutoka Nairobi. Haukuwa na paa. Ulisimama miaka mitano tu, halafu polisi wakaubomoa.

Kwanza tuelewe kijiji chenyewe, na hapa ndugu msomaji nakuomba usome polepole. Mwaka 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari Kenya kwa sababu ya Mau Mau. Kuanzia 1954 watu zaidi ya milioni moja wa nchi ya Wagĩkũyũ walitolewa kwenye maboma yao na kupangwa kwa mistari katika vijiji zaidi ya 800, chini ya walinzi wenye bunduki, na saa za kutotoka nje. Kamĩrĩĩthũ kilikuwa kimojawapo. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa kijana wa shule ya bweni wakati huo. Mwaka 1955 alirudi likizo akakuta nyumba yao haipo, imebomolewa, familia imehamishiwa huko. Nani kati yetu anahitaji kuelezwa jambo hilo?

Hali ya hatari iliisha 1960, lakini watu wengi hawakuwa na pa kurudi. Mashamba yalikuwa yameshachukuliwa. Kwa hiyo mahali palipowekwa kwa muda pakawa kwao. Mchana walienda kufanya kazi kiwanda cha Bata au kwenye mashamba ya chai ya wengine, jioni wanarudi. Mimi nimezaliwa Kongo lakini nimekulia hapa, kwa hiyo neno "kwa muda" nalijua vizuri sana.

Mwaka 1976 mwanamke mmoja wa kijiji alienda nyumbani kwa Ngũgĩ, ambaye alikuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Alimwambia kwamba wamesikia ana elimu nyingi, kwa nini basi asiwagawie kidogo. Hakukubaliwa mara ya kwanza. Akarudi Jumapili iliyofuata, na nyingine, mpaka akakubaliwa. Napenda sana sehemu hii. Siku hizi sisi tunasubiri mradi uje na gari. Huyo mama alitembea mwenyewe na kugonga mlango.

Kijiji kilikuwa na kiwanja cha ekari nne kilichotengwa kwa ajili ya vijana, na juu yake kibanda cha udongo cha vyumba vinne kilichokuwa kinaanguka. Wakaanza na ngumbaru, watu wazima kujifunza kusoma na kuandika. Halafu wakasema, sasa tunataka mchezo wa kuigiza. Ngũgĩ na Ngũgĩ wa Mĩriĩ (hawa si ndugu, ni majina tu yamefanana) wakapewa kazi ya kuandika. Mwongozaji akawa Kimani Gecaũ, naye wa chuo kikuu.

Mchezo uliitwa Ngaahika Ndeenda, maana yake "nitaolewa nikipenda". Unahusu Kĩgũũnda, kibarua mwenye ekari moja na nusu tu, na tajiri Kĩoi anayemwingiza kwenye mkopo ili afunge ndoa ya kanisani, mwisho shamba linapigwa mnada. Uliandikwa kwa Kigĩkũyũ, na hapo mambo yakageuka. Mpaka wakati ule ukumbi wa taifa pale Nairobi ulikuwa zaidi wa Kiingereza. Andiko liliposomwa mbele ya kijiji mwaka 1977, wazee walianza kuwasahihisha maprofesa. Hivyo sivyo mzee anavyosema! Methali hii haiendi hapo! Wafanyakazi wa kiwandani nao wakaongeza mambo ya mshahara wao, unavyofika na unavyoisha. Wimbo na ngoma vilitolewa na wenyewe waliovijua, wakina mama walioimba gĩtiiro kwenye harusi tangu usichana. Hata bunduki za bandia za jukwaani, waliozitengeneza ni watu waliotengeneza za kweli msituni wakati wa Mau Mau. Nadhani hakuna duka la vifaa vya maigizo linaloweza kushindana na hapo.

Na jukwaa? Hawakuwa na mchoraji wa majengo. Walipanga njiti za kiberiti chini mpaka umbo likakubalika, kisha wakatengeneza mfano mdogo, kisha wakajenga kitu chenyewe. Lilikuwa jukwaa la nusu duara lililoinuliwa, nyuma yake ukuta wa mianzi, na nyuma ya ukuta kijumba cha vyumba vitatu cha kubadilishia nguo na kuweka vitu. Mbele, mabenchi marefu ya mbao yaliyopanda kama ngazi, ya kukaa watu zaidi ya 2,000. Mazoezi yalifanyika wazi, kila mpita njia anaangalia. Matokeo yake, kabla ya onyesho la kwanza watoto walishajua maneno ya waigizaji kwa kichwa. Sisi huwa tunaficha mazoezi ili watu "wasichoke". Baada ya kusoma habari hizi nimebadili mawazo.

Onyesho la kwanza lilikuwa Jumapili tarehe 2 Oktoba 1977. Watu walikuja kutoka mbali, wengine wamekodi mabasi na matatu. Siku moja mvua ilikatiza mchezo kama mara tatu. Kila ikinyesha watu wanakimbilia chini ya miti na vibarazani, ikikoma wanarudi kukaa na waigizaji wanaendelea. Hakuna aliyeenda nyumbani.

Tarehe 16 Novemba serikali ikafuta kibali. Wiki sita na siku chache. Mwisho wa Desemba Ngũgĩ akakamatwa usiku na kuwekwa kizuizini Kamiti karibu mwaka mzima bila kushtakiwa. Huko ndiko alikoandika riwaya kwenye karatasi za chooni.

Kikundi kilijaribu tena. Safari hii mchezo wa nyimbo tupu karibu, Maitũ Njugĩra, yaani "mama niimbie", wenye nyimbo za makabila mbalimbali ya Kenya. Februari 1982 walitaka kuuonyesha ukumbi wa taifa, wakakuta milango imefungwa na polisi wapo. Wakaendelea na mazoezi chuo kikuu, na watu kwa maelfu wakaja kuangalia hayo mazoezi, kwa sababu onyesho halikuwepo! Hayo nayo yakazuiwa. Tarehe 11 Machi kituo cha Kamĩrĩĩthũ kikafutwa, na kesho yake polisi wenye silaha wakaja na malori, wakalibomoa jukwaa mpaka chini.

Wengine wanaosimulia habari hii wanaishia kwa Ngũgĩ, jinsi alivyobaki London mwaka huo huo alipopata habari kwamba akirudi atakamatwa, akaishi uhamishoni miaka 22 kabla ya kukanyaga tena Kenya. Alifariki Mei 2025 huko Marekani. Ni kweli, na alikuwa mtu mkubwa. Lakini maprofesa waliweza kupanda ndege. Wachuma chai waliocheza na kuimba walibaki pale pale, wanapita kila asubuhi mbele ya kiwanja ambacho mabenchi yake waliyapigilia misumari wenyewe. Ningependa kitabu kinachoanzia kwao.

Kuna swali ambalo vijana wa kikundi chetu waliniuliza nilipowaeleza haya: Kamĩrĩĩthũ walikuwa na lugha moja, sisi je? Katika bloku yetu peke yake kuna Kifuliiru, Kibembe, Kirundi, Kisomali, Kiarabu cha Juba. Mimi nilijibu Kiswahili, upesi upesi. Mama mmoja wa Uvira akanipinga. "Kiswahili kya kuzungumuza ndiyo, lakini kilio tunaliaga kwa lugha ya nyumbani." Tumekubaliana maneno yawe ya Kiswahili, cha kila mtu anavyokisema, bila kusahihishana, na nyimbo zibaki katika lugha zake. Ndivyo Maitũ Njugĩra ilivyofanya na makabila yake.

Jambo la pili ni mada. Mwaka jana tulitaka kuigiza habari ya foleni ya rasheni. Tukaambiwa na ofisi moja kwamba ukumbi upo kwa michezo ya kunawa mikono na amani, hiyo nyingine "itafikiriwa". Bado inafikiriwa. Nyinyi ndugu zetu wa mashirika mnaosoma hapa, sisemi kwa ubaya. Kunawa mikono ni kuzuri. Lakini wale wakulima wa Limuru wasingekaa kwenye mvua mara tatu kwa ajili ya mchezo wa kunawa mikono.

Wengine katika kile kikundi walipelekea jirani kazi yao. Ngũgĩ wa Mĩriĩ na Kimani Gecaũ walikimbilia Zimbabwe, nchi iliyokuwa na uhuru wa miaka miwili tu. Hawakukaa kusubiri kurudi. Wakaanza kufundisha maigizo ya jamii vijijini na mashuleni, na Ngũgĩ wa Mĩriĩ akawa mmoja wa waliounganisha vikundi vidogo vya nchi nzima. Alifia huko kwa ajali ya gari mwaka 2008. Wazimbabwe wengi waliopanda jukwaani mara ya kwanza walifundishwa na mkimbizi.

Kikundi chetu kinapima kiwanja nyuma ya uwanja wa mpira Jumamosi hii, saa kumi, jua likipungua. Mwenye mbao, mianzi au turubai kuukuu aje navyo. Njiti za kiberiti tunazo.