RIMM dhidi ya DDR: Vita vya RAM Vilivyoiacha Kompyuta Yangu Yatima

Juzi nilikuwa nikisafisha droo nikakuta vipande viwili vya kijani ambavyo ukiviona utadhani ni RAM. Vina pini zote na vinaingia kwenye sloti vizuri, lakini havina chipu hata moja. Nimevitunza tangu 2005. Leo nataka niwaeleze vilikotoka, kwa sababu kisa chake ndicho kisa cha RAM tunazotumia sote.

Mwaka huo wa 2005 nilinunua kompyuta ya mtumba hapa Nairobi, Pentium 4 yenye RAM ya megabaiti 256. Kwa mtu anayeandika programu za Java hiyo ilikuwa mateso matupu. Nikaamua kuongeza RAM. Nilipofungua kasha nikakuta sloti nne: mbili zina vipande vilivyofunikwa kwa bati, mbili zina hivi vya kijani visivyo na kitu. Nikavitoa ili kupata nafasi, kisha nikawasha mashine kujaribu. Kimya. Skrini nyeusi tii.

Nikaibeba hadi kwa fundi mmoja wa Luthuli Avenue. Alipochungulia ndani akacheka. "Kijana, hii yako ni RIMM. Ukitoa hivyo vipande haiwaki. Na RAM yake hapa huipati, na ukiipata utalia." Alisema kweli. Kwa nini? Tuanze mwanzo.

RAM ya kawaida ni DRAM, uvumbuzi wa Robert Dennard wa IBM, aliyepewa hataza yake mwaka wa 1968. Kila biti huhifadhiwa kwa transista moja na kapasita moja ndogo sana. Kapasita hiyo huvuja chaji, kwa hivyo lazima ijazwe upya mara nyingi kila sekunde. Ndiyo maana ukizima kompyuta kila kitu hupotea. Wazo hilo halijabadilika hadi leo. Kilichobadilika ni jinsi chipu zinavyopangwa na jinsi data inavyosafirishwa.

Zamani chipu zilichomekwa moja moja kwenye ubao mama. Katika miaka ya 1980 ikaja SIMM, kibao kidogo chenye chipu kadhaa kwa pamoja. Ya kwanza ilikuwa na pini 30 na ilitoa biti 8 kwa mara moja. Prosesa ya 386DX ilisoma biti 32, kwa hivyo ulihitaji SIMM nne ndipo mashine iwake. Ikafuata SIMM ya pini 72 yenye biti 32. Pentium ya 1993 ilipokuja na njia ya biti 64, ukahitaji mbili mbili. Halafu ikaja DIMM ya pini 168 yenye biti 64, na kipande kimoja kikatosha. Ndani yake mlikuwa na SDRAM, iliyofuata mapigo ya saa ya ubao mama: PC66, PC100, PC133. Namba hizo ni megahezi.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 prosesa zilikuwa zimekimbia sana na RAM ikaachwa nyuma. Hapo ndipo njia zikagawanyika.

Njia ya kwanza ilikuwa ya Rambus, kampuni ya Marekani iliyoanzishwa 1990 na Mike Farmwald na Mark Horowitz. Rambus haikuwa na kiwanda cha RAM. Ilibuni teknolojia na kuuza leseni. RDRAM yao ilipunguza upana wa njia hadi biti 16 tu, lakini ikaongeza kasi hadi mara milioni 800 kwa sekunde. Fikiria watu waliopanga mstari mmoja kutoka mtoni, wakipokezana ndoo ndogo kwa kasi ya ajabu. Data ilipita kwenye chipu zote kwa mfuatano, kipande hadi kipande, hadi mwisho wa mstari. Mtu mmoja akitoka, mstari umekatika. Basi hivyo vipande vyangu vya kijani ndivyo hao watu: kazi yao ilikuwa kuunganisha njia pale ambapo hakuna RAM. Mimi niliwafukuza, mstari ukakatika.

Intel ilikubaliana na Rambus mwaka wa 1996 kwamba RDRAM ndiyo itakuwa RAM ya siku zijazo. Mambo hayakwenda sawa. RIMM ilikuwa na bei mara kadhaa ya PC133, ilipata joto, na ilichelewa kutoa jibu la kwanza. Intel ikajaribu kuongeza chipu ya kutafsiri ili mashine za RDRAM zitumie SDRAM, lakini chipu hiyo ikawa na kasoro, na Mei 2000 Intel ikarudisha bodi hizo. Pentium 4 ilipotoka Novemba 2000 ilitaka RDRAM, tena mbili mbili. Kwa haki niseme kwamba hapo RDRAM ilikuwa kali kweli: gigabaiti 3.2 kwa sekunde, wakati PC133 ilifikisha kama 1.

Njia ya pili ilikuwa ya JEDEC, chama cha watengenezaji ambao hukaa pamoja na kukubaliana viwango. Walichukua SDRAM ileile wakafanya data ipite mara mbili kwa kila pigo la saa, linapopanda na linaposhuka. Hiyo ndiyo DDR, iliyotolewa rasmi Juni 2000. DDR ya megahezi 133 ilifikisha gigabaiti 2.1 kwa sekunde. Ilikuwa chini ya RDRAM mbili, lakini viwanda viliweza kuitengeneza bila kugeuza kila kitu. AMD ikaikumbatia Oktoba 2000. Mwezi huohuo Craig Barrett, mkuu wa Intel wakati huo, alikiri katika gazeti la Financial Times kwamba kuitegemea Rambus lilikuwa kosa. Kufikia 2003 Intel yenyewe ilikuwa imehamia DDR.

Msidhani huu ulikuwa ugomvi wa malaika na shetani. Rambus iliwahi kukaa ndani ya JEDEC, ikatoka 1996, kisha ikawashtaki watengenezaji ikidai hataza zake zinagusa hata SDRAM na DDR. Tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliihukumu mwaka wa 2006, lakini mahakama ya rufaa ikatengua uamuzi huo 2008. Upande wa pili nao, Infineon, Hynix na Samsung walikiri mahakamani kwamba walipanga bei ya DRAM kwa siri. Samsung peke yake ilitozwa faini ya dola milioni 300 mwaka wa 2005.

Kwa wanaonunua mtumba, huu hapa muhtasari wa RAM za kompyuta za mezani:

- SDRAM: pini 168, volti 3.3
- RIMM: pini 184, volti 2.5
- DDR: pini 184, volti 2.5
- DDR2: pini 240, volti 1.8
- DDR3: pini 240, volti 1.5
- DDR4: pini 288, volti 1.2
- DDR5: pini 288, volti 1.1

Angalieni kwamba idadi ya pini inaweza kulingana lakini pengo la chini limehamishwa makusudi, ili usichomeke isiyofaa. Ikikataa kuingia, usilazimishe.

Kompyuta yangu ilibaki na megabaiti 256 hadi ilipokufa. Haikuwa mashine mbovu. Ilizaliwa katika ukoo uliokatika, na sisi tunaonunua mkono wa pili ndio tunaokuja kulipa deni hilo miaka mitano baadaye. Tangu siku hiyo, kabla ya kuchagua kifaa au hata lugha ya programu, sianzi na kasi. Nauliza kwanza ni wangapi wanaoweza kunitengenezea spea.

Na Rambus? Ipo hadi leo. Siku hizi inauza chipu zinazowekwa kwenye RAM za seva. RAM zenyewe ni DDR5.