Upandikizaji wa uloto kwa mtoto mwenye selimundu: kwa nini ndugu hupimwa kwanza

Tangu mwaka 2023, Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma hupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu (sikoseli). Swali la kwanza utakaloulizwa mzazi ni hili: mtoto ana ndugu wa baba mmoja na mama mmoja?

Uloto ni nini?
Ni ute laini ulio ndani ya mifupa. Humo mna seli mama zinazotengeneza damu. Mtoto hupewa dawa kali za kuondoa seli mama zake, kisha huwekewa za mchangiaji kupitia mshipa, kama anavyoongezewa damu.

Kwa nini vinasaba vifanane?
Seli zetu zina alama zinazoitwa HLA. Kinga ya mwili huzitumia kutambua kipi ni chake na kipi ni kigeni. Zisipofanana, mwili wa mtoto unaweza kukataa seli mpya, au seli mpya zikashambulia ngozi, ini na utumbo wake. Hali hii ya pili inaweza kuua.

HLA si kundi la damu. Ndugu wa kundi tofauti anaweza kuchangia.

Nani anafaa?
Mtoto hurithi nusu ya HLA kwa baba na nusu kwa mama. Hivyo wewe mzazi unafanana naye nusu tu. Ndugu wa baba na mama wale wale ana nafasi 1 kati ya 4 ya kufanana naye kikamilifu. Ndugu wa mama mwingine, mjomba au binamu ni nadra kufaa.

Mchangiaji asiwe na selimundu (SS). Mwenye AS anaruhusiwa. Ikiwa wazazi wote ni AS, kila ndugu ana nafasi 3 kati ya 16 ya kutimiza masharti yote mawili.

Kwa nini asitafutwe mtu baki?
Vinasaba vya Waafrika vina tofauti nyingi kuliko vya watu wengine duniani, na waliojiandikisha kuchangia wengi wana asili ya Ulaya. Hata Marekani, mgonjwa mwenye asili ya Afrika ana nafasi chini ya 1 kati ya 3 ya kupata mtu baki anayefanana naye kikamilifu.

Baada ya kupona
Damu ya mtoto hufuata ya mchangiaji: akichangiwa na ndugu AS, kipimo kitasoma AS. Lakini mbegu zake za uzazi hazibadiliki. Bado atarithisha S kwa kila mtoto atakayemzaa, hivyo mwenza wake apimwe.

Ufanye nini sasa?
- Pima selimundu kwa watoto wako wote.
- Omba rufaa mapema. Matokeo ni mazuri zaidi mtoto akiwa mdogo, kabla viungo havijaharibika.
- Uliza kuhusu uzazi. Dawa za maandalizi zinaweza kuuathiri.
- Mtoe hofu ndugu anayechangia: uloto huchukuliwa kwenye mfupa wa nyonga akiwa amelazwa usingizi, na mwili huurudisha baada ya wiki chache.
- Usiache kliniki wala dawa alizoandikiwa.

Asipopatikana anayefanana, hakuna wa kulaumiwa katika familia. Haidroksiurea hupunguza maumivu, na watoto wengi hukua nayo vizuri.