Mcheza Kwao: Barry Fitzgerald na Jumba la Abbey

Katika mwaka 1911 kijana mmoja wa Dublin, jina lake William Joseph Shields, aliingia katika utumishi wa serikali akawa karani. Umri wake ulikuwa miaka 23. Kazi hiyo aliishika mpaka mwaka 1929, na kwa sehemu kubwa ya muda huo alikuwa mtu wa maisha mawili: mchana alikaa ofisini mbele ya majalada, na jioni alivuka mji kwenda katika jumba la michezo la Abbey, akavaa nguo za watu wengine na kusema maneno ya watu wengine. Ili wakubwa wake wasimtambue, katika matangazo ya michezo alijiita Barry Fitzgerald. Jina la kujificha ndilo lililokuja kujulikana duniani, na jina alilopewa na wazazi likabaki katika orodha ya mishahara.

Jumba la Abbey lilikuwa limefunguliwa tarehe 27 Desemba 1904, na waliolisimamia, mshairi W. B. Yeats na Lady Gregory wakiwa mbele, walikuwa na shabaha iliyo wazi. Kwa muda mrefu sana michezo ya Kiingereza ilikuwa na mtu wake maalumu wa kuchekwa, naye ni Mwairishi: mlevi, mgomvi, mwongo mwenye maneno matamu, mvivu asiyejua kesho yake. Watazamaji wa London walimjua mtu huyu hata kabla hajafungua kinywa. Msomaji ambaye nchi yake imepata kutawaliwa na wageni hahitaji kuelezwa maana ya kicheko cha namna hiyo. Abbey ilijengwa ili imwondoe kikaragosi huyo jukwaani, na mahali pake awekwe Mwairishi kama alivyo, na lugha yake kama anavyoisema.

Wachezaji wa kwanza wa jumba hilo walifundishwa na ndugu wawili, Frank na William Fay, na mafundisho yao yalikuwa machache na magumu. Mwenye kusema aachwe aseme; wengine watulie, wasijipitishe mbele wala kujikuna, ila wasikilize. Utulivu huo uliwashangaza watu wa London waliozoea mikono mingi na sauti kubwa. Fitzgerald alifika Abbey baada ya ndugu hao kuondoka, lakini mila yao alirithi. Hata alipokuwa mzee, mbele ya kamera, ustadi wake mkubwa ulikuwa kumsikiliza mwenzake, uso wake mdogo ukikunjamana polepole kabla ya jibu.

Aliyemtangulia katika jumba hilo ni mdogo wake, Arthur Shields, aliyezaliwa mwaka 1896. Baba yao alikuwa mtu wa vyama vya wafanyakazi, mama yao Mjerumani, na nyumba yao ya madhehebu ya Kiprotestanti katika mji wa Wakatoliki wengi. Ilipofika Pasaka ya mwaka 1916, Waairishi waliposhika silaha kudai jamhuri, Arthur alikuwa miongoni mwao. Inasimuliwa kwamba bunduki yake aliificha katika jumba lenyewe la Abbey. Mchezaji mwenzake, Sean Connolly, aliuawa siku ya kwanza ya maasi, na Arthur akakamatwa akapelekwa katika kambi ya Frongoch huko Wales. Kaka yake karani alibaki ofisini, katika serikali ile ile ambayo mdogo wake aliipiga risasi. Mambo kama hayo yalikuwa ya kawaida katika nyumba nyingi za Dublin, na ni kosa kuwagawa watu wa wakati ule katika mashujaa na watumishi wa mkoloni kana kwamba hawakula meza moja.

Kwa miaka kadhaa Fitzgerald alipewa sehemu ndogo ndogo tu. Kilichombadili ni kuja kwa Sean O'Casey, mwandishi aliyekuwa kibarua, aliyewajua maskini wa Dublin waliosongamana katika vyumba vya kupanga. Tarehe 3 Machi 1924 Abbey iliuonyesha mchezo wake Juno and the Paycock, na Fitzgerald akacheza sehemu ya Kapteni Boyle. Huyu Boyle ndiye tausi anayetajwa katika jina la mchezo. Ukapteni wake ni wa kujipachika. Kila akisikia habari za kazi, miguu humuuma. Na rafiki yake wa daima ni Joxer, kupe mwenye kusifu, aliyechezwa na F. J. McCormick. Wawili hao wakiwa pamoja jukwaani, watu walicheka mpaka wakachoka.

Basi hapa pana jambo la kuangaliwa kwa makini. Boyle ni mlevi, mwongo, mvivu, tena ana maneno matamu. Ukizihesabu sifa zake, ni yule yule kikaragosi ambaye Abbey iliapa kumfukuza. Tofauti ni kwamba katika mchezo wa O'Casey kicheko kina gharama, na anayelipa anaonekana. Nchi imo katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Boyle anaambiwa amerithi fedha, anakopa samani na kutamba. Kumbe urithi haupo. Binti yake ana mimba na ameachwa. Mwanawe, aliyemsaliti mwenzake, anachukuliwa na wenye bunduki na kuuawa. Mkewe Juno, aliyechezwa na Sara Allgood, anaondoka na binti. Mwishoni Boyle anarudi nyumbani amelewa pamoja na Joxer, chumba kimekwisha kubebwa vyote, naye anaendelea kutoa hukumu juu ya hali ya ulimwengu. Maneno ni ya kuchekesha kama yale ya mwanzo, na mtu aliyecheka mwanzo anajuta kucheka. Kumfikisha mtazamaji hapo bila kumbembeleza na bila kumgombeza ni kazi ngumu, na karani huyu aliyekuwa akitoka ofisini saa za jioni aliiweza. Katika maisha yake yote hakupata tena sehemu iliyomzidi Kapteni Boyle.

Mwaka 1925 serikali mpya ya Ireland ilianza kuisaidia Abbey kwa fedha, kiasi cha pauni 850 mwaka wa kwanza. Februari 1926 ikafuata The Plough and the Stars, mchezo juu ya maasi yenyewe ya 1916, na miongoni mwa watazamaji walikuwamo wajane na mama wa waliokufa. Waliona bendera ya mapinduzi ikiingizwa katika kilabu cha pombe, na kahaba akingoja wateja huku msemaji akihutubia nje juu ya utukufu wa damu. Usiku wa nne fujo zikazuka, watu wakapanda jukwaani, na Fitzgerald, aliyekuwa akicheza sehemu ya Fluther Good, seremala mlevi mwenye moyo wa dhahabu, akapigana nao kwa ngumi. Yeats alitoka akawakaripia watazamaji. Historia ya fasihi imempa Yeats ushindi usiku ule; hata hivyo wale wanawake nao walikuwa na haki ya kuuliza ni nani aliyepewa ruhusa ya kuwaeleza wafu wao. Na kwenye jukwaa lile lile alisimama Arthur Shields, aliyekuwa amepigana kweli, naye hakuona aibu kuucheza mchezo huo.

Mwaka 1928 Abbey ilikataa mchezo uliofuata wa O'Casey, The Silver Tassie. Ulipoonyeshwa London mwaka 1929, Fitzgerald alikwenda kuucheza, na ndipo alipoacha ukarani, akiwa na miaka 41. Mwaka 1930 Alfred Hitchcock aliifanya Juno kuwa filamu. Sehemu ya Boyle ilipewa mtu mwingine. Fitzgerald alionekana kidogo tu mwanzoni, akiwa mhutubu wa barabarani. Hiyo ndiyo tabia ya sinema tangu zamani: huichukua kazi, mwenye kazi akaachwa mlangoni.

Lakini mlango ulifunguka. Mwaka 1936 John Ford, Mmarekani mwana wa Waairishi, alitengeneza filamu ya The Plough and the Stars, akawaita wachezaji kutoka Abbey wavuke bahari. Barbara Stanwyck aliwekwa mbele kwa ajili ya jina lake. Fitzgerald akawa Fluther tena. Naye Arthur Shields akacheza sehemu ya Padraic Pearse, kiongozi wa maasi aliyoyapigania miaka 20 kabla. Filamu yenyewe haikufanikiwa sana. McCormick alirudi Dublin. Ndugu wa Shields hatimaye walifanya makao yao Marekani.

Sehemu za miaka iliyofuata hazihitaji kuhesabiwa zote: mtunza bustani katika Bringing Up Baby mwaka 1938, baharia katika The Long Voyage Home mwaka 1940, mwenza wa bondia wa Wales katika How Green Was My Valley mwaka 1941. Sifa kubwa ilimjia mwaka 1944 kwa Going My Way, alimocheza Padre Fitzgibbon, mzee mkaidi anayeletewa padre kijana, Bing Crosby, aje kuinusuru parokia. Mprotestanti wa Dublin akawa padre wa Kikatoliki anayependwa kuliko wote katika Marekani. Kwa sehemu hiyo moja alipendekezwa kwa tuzo mbili za Oscar, ya mchezaji mkuu na ya mchezaji msaidizi, jambo lililowafanya wenye tuzo wabadili kanuni zao lisitokee tena. Alipata ya usaidizi. Kwa sababu ya vita sanamu za wakati ule zilifanywa kwa plasta, na yasemwa kwamba siku moja, akijizoeza gofu nyumbani, aliikata yake kichwa.

Majira ya joto ya mwaka 1951 Ford alimrudisha Ireland, katika kijiji cha Cong, kwa ajili ya The Quiet Man. Huyo Michaleen Flynn aliyemcheza ni mshenga mwenye gari la farasi, mwenye kiu isiyokwisha na ulimi usiochoka. Ulimwengu ulimpenda. Wairishi wengi walimpenda pia, na wengine walimwonea haya, wakisema kikaragosi cha zamani kimerudi, safari hii kwa rangi na kwa fedha za Hollywood. Lawama hiyo ina ukweli. Ulevi wa Flynn haumgharimu mtu chochote. Katika nyumba yake hakuna Juno. Lakini lawama yenyewe yafaa iwaendee zaidi waliomwandikia kuliko aliyecheza, kwa maana ukimtazama akisikiliza maneno ya John Wayne, jicho moja limefumbwa nusu, unaona mafunzo ya Abbey yamo yote, yakitumika kwa kazi nyepesi kuliko uzito wake.

Na katika majira hayo hayo, usiku wa tarehe 17 Julai 1951, baada ya kuonyeshwa The Plough and the Stars, moto uliteketeza jumba la Abbey. Jumba jipya halikufunguliwa mpaka Julai 1966.

Wahenga wamesema mcheza kwao hutunzwa. Fitzgerald alitunzwa ugenini, kisha akarudi kwao. Mwaka 1959 alionekana katika Broth of a Boy, filamu iliyopigwa Ireland, akiwa kikongwe ambaye wanahabari wanamtaka kwa umri wake naye hawataki. Alikufa Dublin mwezi Januari 1961, akazikwa Deansgrange. Arthur alifia California mwaka 1970, akaletwa kuzikwa huko huko.