Kitui na Makueni: Ukame Haukuzuia Biashara

Umaskini wa Kitui na Makueni unapojadiliwa, ukame ndio unaobebeshwa lawama yote. Historia haikubaliani na hukumu hiyo. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, misafara ya Wakamba ilipeleka pembe za ndovu Mombasa na kurudi na nguo, shanga na nyaya za shaba. Krapf, mmisionari wa Rabai, alipofika Kitui mwaka 1849, mwenyeji wake alikuwa Kivoi wa Mwendwa, tajiri ambaye biashara yake ilifika ng'ambo ya mto Tana. Nchi ilikuwa kavu wakati huo pia. Tena ukavu wenyewe ndio uliowazoesha watu safari: mvua ilipokosa, walikwenda kuthuua, yaani kusaka chakula kwa majirani wa nyanda za juu, na udugu uliofungwa huko ukaja kurahisisha biashara ya masafa marefu.

Kilichogeuka ni njia, na wenye kuimiliki. Kuanzia miaka ya 1860, misafara ya watu wa pwani iliingia bara yenyewe. Kisha reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ikapita Kibwezi na Makindu, ikaiacha Kitui mbali. Kuna watakaosema pembe zingekwisha hata bila reli. Ni kweli, na biashara iliyoua ndovu haistahili kuliliwa. Hasara kubwa ilikuwa kupoteza usemi juu ya bei. Hoja nzito zaidi ni kwamba Makueni ilipata reli na bado haikutajirika. Lakini reli itamfaa nini mfugaji asiyeruhusiwa kuamua juu ya ng'ombe wake? Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ililazimisha kupunguza mifugo katika wilaya ya Machakos, iliyojumuisha Makueni. Muindi Mbingu aliongoza watu hadi Nairobi kupinga, akahamishiwa Lamu. Serikali ikalegeza amri, ila sera ya kumwona Mkamba kama mharibifu wa ardhi ilidumu.

Ardhi hiyohiyo ilitengemaa baadaye kwa makinga-maji ya fanya juu, yaliyochimbwa kwa jembe, sehemu kubwa na vikundi vya wanawake. Leo embe za Makueni na ndengu za Kitui zinahitajika sokoni, na lami ya Kibwezi hadi Kitui imefungua tena upande wa pwani. Ila mkulima asiye na ghala wala kiwanda bado huuzia dalali shambani, msimu wa mavuno, bei ikiwa chini kabisa. Hapo ndipo fedha za kaunti zinapopaswa kwenda kwanza.