Noeli ya mvua: watoto wa Lubumbashi na nyimbo za theluji

Lubumbashi, mji wa Katanga nchini Kongo, ina majira yake ya baridi, lakini hayakutani na Noeli. Baridi huja Juni na Julai, wakati wa kiangazi, pale watoto wa mitaa ya Katuba na Ruashi wanapokwenda shule alfajiri wamejikunyata ndani ya masweta. Desemba ni mwezi wa mvua. Radi hunguruma alasiri, maembe huiva, na uyoga mpana unaoota kwenye vichuguu huuzwa kandokando ya barabara. Katika mwezi huohuo watoto husimama mbele ya wazazi wao na kuimba kwa Kifaransa habari za theluji na misonobari.

Nyimbo hizo si za kale kama wengi wanavyodhani. “Petit Papa Noël” ilipata umaarufu mwaka 1946 kwa sauti ya Tino Rossi. “Vive le vent” ilipewa maneno ya Kifaransa na Francis Blanche mwaka 1948, juu ya muziki wa Mmarekani James Pierpont uliochapishwa mwaka 1857. Wimbo huo wa Pierpont unasifu mbio za farasi juu ya theluji, na Krismasi haitajwi ndani yake hata mara moja. Watoto wanazipenda nyimbo hizi kwa sababu ni nyepesi na zinachezeka, na hilo ni jambo jema. Lakini mji huu una historia yake ya watoto waimbaji, nayo inastahili kusimuliwa kila Desemba.

Mji ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, mwaka ambao reli kutoka kusini ilifika. Kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilihitaji mikono ya kuchimba na kuyeyusha shaba. Wafanyakazi wakaja na Kibemba, Kiluba na lugha nyingine nyingi, na Kiswahili kikawa lugha yao ya kuelewana. Mwaka huohuo wa 1910 walifika watawa Wabenedikto wa abasia ya Saint-André, Bruges, wakiongozwa na Jean-Félix de Hemptinne. Walikuja na wimbo wa Kigregori na misa ya Kilatini. Mtoto wa kambi ya wafanyakazi aliyeingia kanisani usiku wa Noeli alimsikia Mtoto wa Bethlehemu akisifiwa kwa lugha ambayo mama yake hakuijua.

Katika miaka ya 1930 Mbenedikto Anschaire Lamoral alikusanya wavulana wa mji akaunda korali. Huko Paris kulikuwa na korali mashuhuri ya watoto iliyoanzishwa mwaka 1907, iliyojiita waimbaji wa Msalaba wa Mti. Korali ya Élisabethville ilijiita Chanteurs à la Croix de Cuivre, yaani Waimbaji wa Msalaba wa Shaba. Jina hilo lilichimbuka katika udongo wa Katanga. Karne nyingi kabla ya mkoloni wa kwanza wa Kibelgiji kufika, wahunzi wa nchi hii waliyeyusha shaba na kuimimina katika umbo la msalaba. Misalaba hiyo ilitumika kama fedha, na mingine imefukuliwa makaburini katika bonde la Upemba, imewekwa pamoja na wafu.

Katika korali hiyo aling’ara Joseph Kiwele, mwalimu na mtunzi aliyezaliwa mwaka 1912. Alijifunza kinanda na nota za Ulaya, lakini masikio yake hayakuziacha nyimbo za nyumbani. Alitunga misa inayojulikana kama Messe katangaise, na mwaka 1960 akatunga wimbo wa taifa wa Katanga iliyojitenga na Kongo. Alikuwa pia waziri wa elimu wa serikali hiyo hadi alipofariki mwaka 1961.

Nako Kamina, kwenye njia ya reli kaskazini-magharibi, padri Mfransisko Guido Haazen alikuwa na kundi la wavulana wapatao 45, wa miaka 9 hadi 14, pamoja na walimu 15. Waliitwa Troubadours du Roi Baudouin. Machi 1958 waliimba kwa mara ya kwanza Missa Luba, misa ya Kilatini juu ya sauti na ngoma za kwao. Mwaka huohuo walisafiri hadi maonyesho makuu ya Brussels, na sahani yao ikaenea duniani. Ndani ya misa hiyo mna Gloria, inayoanza na maneno ya malaika wa usiku wa Bethlehemu. Ulaya ilikuwa imeleta Noeli Katanga; sasa watoto wa Katanga waliurudisha wimbo wa malaika Ulaya ukiwa na ngoma.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifungua mlango zaidi mwaka 1963, uliporuhusu lugha za watu katika ibada. Kisha ukaja mtihani. Mwaka 1974 Rais Mobutu aliifuta Noeli katika orodha ya sikukuu za taifa. Tarehe 25 Desemba mwaka huo ilikuwa Jumatano, siku ya kazi kama nyingine. Shule za makanisa zilitaifishwa, zikarudishwa mwaka 1977. Sikukuu inaweza kufutwa kwa amri. Wimbo ambao mtoto ameushika kwa lugha ya nyumbani haufutiki hivyo. Leo tarehe 25 Desemba ni sikukuu tena, na ngoma zinapigwa makanisani bila kificho.

Ndiyo maana nawaomba walimu na viongozi wa korali za mitaa yetu ya Kenya, Kamalondo na Kampemba: nyimbo za theluji waachieni watoto, wazifurahie, na muwaeleze theluji ni nini. Lakini waongezeeni wimbo mmoja mpya kila mwaka, kwa Kiswahili cha hapa, wenye matone yanayogonga bati, maembe, na uyoga uliofikishwa nyumbani ndani ya kikapu. Lamoral na wavulana wake walipotafuta msalaba wa kuimba chini yake, waliupata katika shaba ya hapa. Mvua nayo i juu ya paa zetu Desemba nzima, inangoja mtunzi.