Tamthilia kwa Mwanafunzi wa Mbali: Kutoka Posta hadi Mtandao

1.0 Utangulizi

Tamthilia ni utanzu wa fasihi wenye maisha mawili: huishi kitabuni kama matini na huishi jukwaani kama tendo. Msomaji wa riwaya anaweza kuimaliza peke yake chumbani bila kupungukiwa na kitu. Msomaji wa tamthilia aliye peke yake ana nusu tu ya kazi mkononi, kwa kuwa nusu ya pili imo katika sauti za waigizaji, mwendo wa miili yao na mwitiko wa hadhira. Ndiyo maana elimu masafa, ambayo kwa kawaida humtenga mwanafunzi na wenzake, imekabiliwa na mtihani mgumu zaidi katika tamthilia kuliko katika tanzu nyingine. Mhadhara huu unafuatilia historia ya mtihani huo. Hoja yake ni kwamba kilichomtatiza mwanafunzi wa mbali si umbali bali ukimya.

2.0 Enzi ya posta

Mwaka 1858 Chuo Kikuu cha London kiliwafungulia mitihani yake watu ambao hawakuhudhuria masomo chuoni. Kuanzia mwaka 1946 Chuo Kikuu cha Afrika Kusini kilifundisha kwa njia ya posta. Nchini Tanzania, katika miaka ya 1970, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha masomo ya aina hiyo. Bahasha ilibeba maelezo, maswali na masahihisho. Haikuweza kubeba sauti.

Hata hivyo, wasomaji walitafuta njia zao. Katika gereza la Kisiwa cha Robben, ambako wafungwa wa kisiasa walijisomea kwa njia ya posta, kitabu kimoja chenye kazi zote za Shakespeare kilipita mkono kwa mkono, na kila mmoja akatia saini kando ya mistari aliyoipenda. Tarehe 16 Desemba 1977 Nelson Mandela alitia yake katika Julius Caesar, tamthilia ambayo Mwalimu Nyerere alikuwa ameifasiri kwa Kiswahili na tafsiri yake kuchapishwa mwaka 1963. Saini hizo ni ushahidi kwamba tamthilia humdai msomaji awe na wenzake, hata pale wanapokutana pembeni mwa ukurasa tu.

3.0 Sauti yarejea

Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kilipata hati ya kifalme mwaka 1969 na kikaanza kufundisha mwaka 1971. Kozi yake ya tamthilia ya mwaka 1977 iliambatana na maonyesho yaliyotayarishwa na BBC kwa ajili ya televisheni, likiwemo la Oedipus ya Sophocles. Hapo mwanafunzi aliyejisomea nyumbani aliuona mwili wa mwigizaji na kuisikia sauti yake, ingawa yeye mwenyewe alibaki mtazamaji asiye na wa kuzungumza naye.

Afrika Mashariki ilikuwa imekwisha kuzoea tamthilia ya mbali kwa njia nyingine. Michezo ya redio iliwafikia wasikilizaji wengi ambao hawakuwahi kuingia katika ukumbi wa maonyesho. Twende na Wakati, uliorushwa na Radio Tanzania kuanzia mwaka 1993, ni mfano unaojulikana. Wasikilizaji waliketi pamoja, wakabishana juu ya wahusika, wakasubiri sehemu iliyofuata. Hadhira ilikuwepo bila jukwaa kuonekana.

4.0 Mtandao na tamthilia ya Kiswahili

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kuzinduliwa rasmi mwaka 1994. Kwingineko, mwaka 2014, Chuo Kikuu cha Warwick kilitoa kozi huria ya mtandaoni kuhusu Shakespeare na ulimwengu wake. Mwaka 2020, janga la UVIKO-19 lilipofunga vyuo na kumbi, hata wanafunzi wa bweni waligeuka wanafunzi wa mbali.

Mtandao una uwezo ambao posta na redio hazikuwa nao: wanafunzi walio katika miji tofauti wanaweza kugawana wahusika na kusoma onyesho kwa sauti, wakisikilizana papo hapo. Lakini mtandao unaweza pia kuwa posta yenye kasi tu, yaani matini hutumwa, maswali ya dhamira na wahusika huulizwa, majibu hurudishwa, na hakuna aliyefungua kinywa.

Hasara yake huonekana wazi katika Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969. Mhusika mkuu anavutwa hadi mtoni na nguvu isiyoonekana, huku watu wakibaki ukingoni wakingoja. Kitabuni tukio hilo hutegemea maelezo ya jukwaa, ambayo mwanafunzi mwenye haraka huyaruka. Baadaye, akiwa amepagawa, anatamka kwamba watu watakuwa watoto wa Seyyid Said; anapozinduka, maneno hayo yanamtisha yeye mwenyewe. Kinywa kimoja kimebeba sauti mbili, ya Hongo na ya Kinjeketile. Anayesoma kimyakimya hupata habari za mgongano huo. Anayelazimika kuitamka mistari hiyo mbele ya wenzake hana budi kuamua sauti ipi inasema, na uamuzi huo ndio uhakiki wenyewe.

Rekodi za Hamlet hupatikana kwa urahisi. Maonyesho ya tamthilia za Kiswahili hayajahifadhiwa kwa wingi huo. Hivyo kozi ya mtandaoni inaweza kumpa mwanafunzi wa Kiswahili tamthilia ya kigeni ikiwa hai, na ya lugha yake ikiwa kurasa tupu.

5.0 Hitimisho

Posta ilileta matini, redio na televisheni zikaleta sauti na mwili, na mtandao umeleta uwezekano wa kuwakutanisha wanafunzi. Uwezekano huo hautimizwi na mitambo bali na zoezi analolitoa mwalimu. Kozi inayomtaka mwanafunzi asome kwa sauti, asikilizwe na ajibiwe humrudishia nusu ya kazi iliyokosekana. Kadhalika, kila onyesho la Kiswahili linalorekodiwa na kuhifadhiwa ni kitabu cha kiada kwa wale ambao hawatafika ukumbini.